Kichwa cha Ufunguo Nilichokitupa

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, saa kumi na moja alfajiri, ufunguo wa gari letu ulivunjikia ndani ya swichi. Nilikuwa nimeketi peke yangu kwenye maegesho ya apatimenti yetu hapa Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth. Nilikuwa nawahi kwa bibi mmoja wa Mansfield ambaye mimi ndiye humwamsha, humwogesha na kumpa dawa zake. Kwa miezi kadhaa ufunguo ule ulikuwa mgumu kuzunguka. Tulishazoea kuutikisa, kuuchomoa kidogo, kuurudisha, kupiga bismillahi na kujaribu tena. Siku hiyo nilitumia nguvu. Chuma kikabaki ndani, na mkononi nikabaki na kichwa cheusi cha plastiki.

Nilikitazama kile kichwa, nikaona hakina kazi tena. Nikakitupa kwenye pipa kubwa la taka nikiwa njiani kwenda kugonga mlango wa jirani kuomba lifti.

Ndugu msomaji, makala haya ni juu ya kichwa hicho. Kilitugharimu siku sita bila gari, na kidogo kinifanye nivunje jina la mtu asiye na kosa. Nayaandika kwa sababu najua wengi wetu huku Texas tunaendesha magari ya mkono wa pili, tena wengi tuna ufunguo mmoja tu.

Gari ndiyo miguu

Waliozoea daladala au matatu huenda wasielewe kwa nini gari likilala siku sita nyumba nzima inatikisika. Arlington ni mji wa watu wanaokaribia 400,000, lakini hauna mabasi ya kawaida ya mji. Kuna vigari vya kuita kwa simu, na ni msaada mkubwa, ila haviwezi kumfikisha mtu kila anakotaka kwa saa anayotaka. Mume wangu anafanya kazi usiku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa DFW. Mimi natoka alfajiri. Gari ni moja. Yeye akirudi, mimi naondoka. Ndivyo tulivyolea watoto wawili bila kumlipa mlezi.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo mume wangu alipopiga simu kutafuta fundi, hakutafuta fundi bora. Alitafuta fundi wa haraka.

Fundi kutoka Bukavu

Tulielekezwa kwa kaka mmoja Mkongomani anayeishi Fort Worth, mtu wa Bukavu, ambaye hana muda mrefu tangu afike nchi hii. Mchana anafanya kazi kiwandani, jioni anatengeneza magari ya watu kwenye maegesho yao. Alifika Jumanne na sanduku lake la vifaa. Kwa koleo jembamba alikitoa kile kipande cha chuma, akatuonyesha jinsi meno yake yalivyokuwa yameliwa. Kisha akasema kitasa chenyewe cha swichi nacho kimekwisha. Alikwenda duka la vipuri, akarudi na kitasa kipya cha dola 45, kikiwa na funguo zake mbili mpya zinazong'aa.

Kabla ya kuanza, aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Mama, ile funguo ya zamani iko wapi?"

Nikamjibu, "Imevunjika, kaka. Nimeshaitupa."

Alinyamaza kidogo, akaendelea na kazi. Kilipokaa kitasa kipya, aliingiza ufunguo mpya. Ulizunguka kama unazunguka ndani ya siagi. Injini ikanguruma. Kabla sijamaliza kusema alhamdulillahi, ikazima. Akawasha tena: sekunde moja, mbili, kimya. Kwenye dashibodi kataa kadogo kekundu chenye picha ya gari na kufuli kakawa kanapepesa.

Fundi alihangaika mpaka giza likaingia. Aliangalia pampu ya mafuta, fyuzi, betri. Mwisho akafuta mikono, akasema, "Mama, hii gari inakatala yenyewe." Alikataa kupokea fedha ya ufundi; alichukua ya kitasa tu.

Mimi sikuuona uungwana huo. Niliona mtu aliyekuta gari lenye swichi mbovu na kuliacha gari lisilowaka kabisa. Usiku ule, nikiwa na hasira na usingizi, nilituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa Arlington na Grand Prairie. Nilisema, "Jamani, huyo fundi anayezungushwa huku msimpe gari. Ameniharibia." Kabla ya kulala, akina mama kumi na mmoja walikuwa wameshanishukuru kwa kuwatahadharisha.

Dola 19 zilizogeuka 420

Jumatano nilitafuta fundi funguo kwa simu yangu. Tangazo la kwanza lilisema dola 19. Akaja kijana na gari lisilo na jina la biashara ubavuni. Hakulifungua hata boneti. Akaniambia swichi lazima itobolewe na kutolewa, na kazi yote ni dola 420, taslimu. Nilipomwuliza kuhusu zile dola 19, alisema hizo ni za kuja tu. Nikamwomba namba ya leseni yake. Akaniambia ameisahau nyumbani, kisha akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Mtindo huu si mgeni. Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, FTC, kwa miaka mingi imekuwa ikiwaonya watu juu ya mafundi wa aina hii: bei ndogo kwenye simu, bei kubwa mlangoni, na haraka ya kutoboa kitasa ambacho hakihitaji kutobolewa. Hapa Texas tuna kinga ambayo wageni wengi hatuijui. Fundi funguo lazima awe na leseni inayotolewa na Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, ile ile DPS inayotoa leseni za udereva. Unaweza kutafuta jina lake au la kampuni yake kwenye tovuti ya idara hiyo kabla hajafika.

Alhamisi nilifanya hivyo. Nikampata mzee mmoja mwenye leseni, mtulivu, aliyeniuliza maswali matatu kwenye simu kabla ya kutaja bei: gari ni la mwaka gani, ni nini kilichobadilishwa, na ufunguo wa zamani uko wapi.

Nilipomweleza kwamba kichwa cha ufunguo kiko kwenye taka, alikaa kimya sawasawa na yule fundi wa Bukavu. Kisha akasema, "Mama, chuma ulichokiacha ndani kilikuwa cha kuzungusha kitasa tu. Ulichokitupa ndicho ufunguo."

Ufunguo wa kisasa ni funguo mbili

Hebu tuelewe jambo hili polepole, maana likieleweka mengine yote ni mepesi.

Kwetu Muheza, ukipoteza ufunguo wa kufuli unakwenda kwa fundi wa chini ya mwembe. Anabana chuma, anachukua tupa, anakwangua meno, unalipa, unaondoka. Meno yakilingana, mlango unafunguka. Magari ya zamani yalikuwa hivyo hivyo.

Gari lenye chipu lina milango miwili ya siri. Wa kwanza ni wa chuma. Ndani ya kitasa cha swichi mna vibati vidogo vyenye springi, na meno ya ufunguo yakivisawazisha, kitasa kinazunguka. Nyuma ya kitasa kuna swichi yenyewe ya umeme, inayopeleka moto kwenye stata na injini. Mlango wa pili ni wa redio. Ndani ya kichwa cha plastiki kuna chipu ndogo, huitwa transponda. Kitasa kimezungukwa na pete ya antena. Ukizungusha ufunguo, pete inatoa nguvu ya sumaku, chipu inaamka na kutoa jibu lake la siri. Kisanduku kinachoitwa imobilaiza kinalisikiliza jibu hilo. Kikilitambua, injini inaendelea. Kisipolitambua, injini inakatazwa mafuta au moto.

Ndiyo maana gari letu lilikuwa linawaka sekunde mbili na kuzima. Halikuwa bovu. Lilikuwa linamfukuza mwizi, na mwizi mwenyewe nilikuwa mimi mwenye gari.

Chipu hiyo haitumii betri. Betri iliyo kwenye ufunguo ni ya rimoti ya kufungulia milango. Kwa hiyo rimoti ikifa, gari bado huwaka; na chipu ikikosekana, betri mpya haisaidii kitu.

Nilifurahi kujua kwamba jambo hili lina jina la nyumbani kwetu hapa. Texas Instruments, yenye makao makuu Dallas, ni miongoni mwa kampuni zilizotengeneza chipu hizi kwa wingi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA walionyesha kwamba wameweza kuvunja siri ya aina moja ya chipu za kampuni hiyo, iliyokuwa na siri ya biti 40 tu. Tangu hapo siri zimezidi kurefushwa. Hivyo magari mapya zaidi huhitaji vifaa vya gharama zaidi kusajili ufunguo, na bei unayotajiwa hupanda.

Lakini msilaani chipu. Magari yasiyokuwa nayo yametuonyesha hasara yake. Magari mengi ya Hyundai na Kia ya mifano ya miaka ya 2011 hadi 2021 yaliyowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha yaliuzwa Marekani bila imobilaiza. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ilipoangalia magari ya mwaka 2015, ilikuta asilimia 26 tu ya mifano ya kampuni hizo mbili ilikuwa na kinga hiyo, ilhali ya kampuni nyingine ilikuwa asilimia 96. Video za jinsi ya kuyaiba zikasambaa mitandaoni. Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ilitangaza programu mpya ya bure kwa magari yapatayo milioni 8.3, ikitaja ajali zisizopungua 14 na vifo 8 vilivyohusishwa na mchezo huo. Kama una gari la aina hiyo na hujawahi kuuliza, uliza: toa namba yako ya chesisi kwa wakala, atakuambia kama lako limo.

Safari ya bahasha

Yule mzee aliniambia njia ni mbili. Ikiwa hakuna ufunguo hata mmoja uliosajiliwa, atalazimika kutoa kisanduku na kufuta kumbukumbu yake: dola 480. Ikiwa upo hata mmoja, kazi yote ni dola 210.

Nilikimbilia kwenye pipa. Lori la taka lilishapita asubuhi ya Jumanne.

Hapo mume wangu akakumbuka. Mwaka uliopita mtoto wa dada yangu alikaa nasi likizo nzima na alikuwa akitumia gari. Sasa anasoma Houston. Nikampigia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ule ufunguo wetu wa gari uko wapi?"

Kimya. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, "Uko kwenye droo, mama mdogo. Nilisahau kuurudisha. Usiniseme kwa mama."

Sijawahi kumshukuru mtu kwa kusahau kama nilivyomshukuru siku ile. Houston iko maili kama 240 kutoka kwetu, njia moja ya I-45, saa nne za kuendesha. Posta haingetosha, wikendi ilikuwa mlangoni. Mpwa wangu akamtafuta rafiki yake, kijana wa Kiganda aliyekuwa anakuja Dallas kwa basi Ijumaa. Dada akaufunga ufunguo kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina langu kwa kalamu nene, na kwa kuwa yeye ni dada, akatia na paketi ya mdalasini. Usiku jirani yetu Mkenya alinipeleka kituoni. Kijana alishuka ameishika bahasha kwa mikono miwili kama amebeba hati ya kiwanja.

Jumamosi mzee alikuja. Kwanza alinifundisha kitu nisichokisahau. Aliingiza ufunguo mpya usio na chipu, kisha akaushika ufunguo wa Houston ubavuni mwake, kichwa kikiwa karibu na pete ya antena. Akazungusha. Gari likawaka na likabaki linawaka. Meno yalitoka ufunguo mmoja, siri ikatoka mwingine. Nilisimama pale kwenye maegesho machozi yakinitoka.

Kisha alifanya kazi yenyewe. Alikifungua kile kitasa kipya na kupanga upya vibati vyake vifuate meno ya ufunguo wetu wa zamani, ili tusiwe na ufunguo mmoja wa milango na mwingine wa swichi. Akakata funguo mbili mpya zenye chipu. Akachomeka kifaa chake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ile ambayo magari yote ya abiria yanayouzwa Marekani yanayo tangu mwaka 1996, akazisajili zote. Mwisho akaufuta kwenye kumbukumbu ule nilioutupa, usije ukaokotwa. Kazi nzima haikufika saa mbili.

Aliponiandikia risiti, nilimwuliza kama kile kitasa kilifungwa vibaya. Akachungulia chini ya usukani na tochi. "Hapana," akasema. "Aliyekifunga anajua kazi. Amekifunga safi kabisa."

Mambo ya kushika

Haya ndiyo niliyoyajumlisha kutokana na wiki ile.

Usitupe ufunguo wa zamani, hata uliovunjika. Kichwa chake kina chipu, na fundi anaweza kukihamishia kwenye chuma kipya.

Kabla ya kubadilisha kitasa cha swichi, muulize fundi maswali mawili: je, gari hili lina chipu, na je, kitasa kipya kinaweza kupangwa kifuate ufunguo wangu wa zamani?

Tengeneza ufunguo wa pili leo, ukiwa na mmoja unaofanya kazi. Kutoka mmoja kwenda wawili ni rahisi. Kutoka sifuri ndiko kwenye gharama. Magari mengi ya Ford ya miaka iliyopita, kwa mfano, humruhusu mwenyewe kusajili ufunguo wa tatu iwapo ana miwili iliyosajiliwa, bila kifaa chochote. Maelekezo yamo kwenye kitabu cha gari.

Unaponunua gari la mkono wa pili, dai funguo mbili. Ukipewa mmoja, punguza bei, na mwambie fundi azifute funguo nyingine zote kwenye kumbukumbu.

Usinunue ufunguo uliotumika kwenye yadi ya magari mabovu ukidhani utasajiliwa kwako. Chipu nyingi zikishafungwa kwa gari moja hazikubali jingine.

Weka tayari kitambulisho na karatasi za gari: ile hati ya umiliki, ambayo Wakenya huiita logibuku, na kadi ya usajili. Fundi halali au wakala lazima athibitishe gari ni lako kabla ya kukata ufunguo kwa namba ya chesisi. Asipokuuliza, huyo ndiye wa kuogopa.

Soma bima yako. Baadhi ya mikataba ina msaada wa barabarani unaorudisha sehemu ya gharama za fundi funguo. Wetu ulikuwa nao, na hatukujua.

Tena, punguza mzigo kwenye ufunguo. Mimi nilikuwa nimening'iniza funguo tisa, kopo la kufungulia soda na kipochi cha shanga. Mwaka 2014 kampuni ya GM iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi zilizoweza kuteleza na kuzima injini njiani, na iliwaambia wenye magari watoe kila kitu kwenye pete na kubaki na ufunguo mtupu. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Swichi yako huenda haina kasoro hiyo, lakini uzito bado unakula kitasa polepole.

Lililobaki

Gari lilipona Jumamosi. Lililobaki lilikuwa langu.

Jumapili nilimpigia simu yule kaka wa Bukavu. Nilijua kwamba katika wiki ile watu wawili walikuwa wamemwambia wasubiri kwanza, na sikuhitaji kuuliza kwa nini. Nilimweleza yote: kichwa cha ufunguo, chipu, mzee, Houston. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. "Gari za kwetu kule zilikuwa za zamani, mama, hazina hii chipu. Sasa na mimi nimejifunza. Haina mubaya."

Lakini ubaya ulikuwepo, na ulikuwa wa kwangu. Ujumbe wangu wa sauti ulikuwa wa sekunde 40. Niliurudia kundini kwa dakika nne nzima, nikataja kosa langu kwa mpangilio, na nikawaambia kazi yake ilikaguliwa na fundi mwenye leseni akaisifu. Kisha nikamlipa fedha yake ya ufundi, ile aliyoikataa, na nusu ya mdalasini wa dada.

Ufunguo wa Houston sasa unakaa kwa jirani yetu Mkenya, kwenye ndoano jikoni kwake, na wake unakaa kwetu.